Saba ya Seremala

Simu iliyomchafua Seremala roho Jumatano ile haikuwa ya matusi wala ya msiba. Ilikuwa simu ya kuuliza saizi ya fulana.

"Mzee, tukuandikie kubwa au kubwa zaidi?" aliuliza msimamizi wa duka la samani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Sijasema nakuja."

"Si ulisema Jumatatu?"

"Nilisema nikikosa kazi nyingine, ndiyo Jumatatu."

"Haya, basi tunaandika kubwa zaidi, usije ukabanwa."

"Rangi gani?" Hata mtu aliyenuna huwa na udadisi wake.

"Njano, mzee. Mgongoni imeandikwa 'Tunaunganisha kwa Tabasamu.'"

Seremala akakata simu.

Sasa nisemeje? Fulana yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Duka lile kubwa liliuza samani zilizolala ndani ya maboksi, mbao zake ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na lilitaka watu wa kwenda majumbani na bisibisi kuziunganisha. Mshahara upo, nauli ipo, chakula cha mchana kipo. Wapo wanaoililia kazi hiyo na mimi siwacheki. Lakini huyu bwana alikuwa na miaka thelathini ya kuchonga viungo vya mbao vinavyoumana bila msumari hata mmoja. Kumkabidhi bisibisi na tabasamu la kuandikwa mgongoni kulimuuma kweli kweli, na hakuona aibu kusema kuwa kulimuuma.

Karakana yake ilikuwa imekaa miezi mitatu bila kazi ya maana. Iliyobaki ni moja tu, tena ilikuwa bado ya kugombea. Daktari mmoja, mama mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa amefungua zahanati mpya na alitaka kaunta ya mapokezi, makabati ya dawa na mabenchi ya vyumba vitatu. Aliita mafundi wengi, akawachuja wakabaki wawili. "Mimi michoro ya mistari siielewi," aliwaambia. "Nileteeni video, nione kama vile ninatembea humo ndani. Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakayempenda, Jumatatu anaanza."

Kwa hiyo Jumatatu ilikuwa na milango miwili: ama zahanati, ama fulana.

&nbsp;

Nyumbani kwa Seremala mchoraji alikuwepo, tena wa bure. Binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa amejifunza kuchora samani kwenye kompyuta, kabati likasimama kwenye kioo utadhani unaweza kulifungua. Alichorea kwenye meza ya kulia chakula, juu ya laptopu ambayo baba yake aliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, miaka kumi na mmoja iliyopita. Jioni hiyo laptopu ilikuwa imekalia vipande viwili vya mbao ili ipate hewa chini. Feni yake ililia kama nyuki aliyefungiwa chupani.

"Dakika ishirini," alisema Binti, akauegemea mgongo wa kiti.

"Video nzima? Si mbaya," alisema mama yake.

Mama huyu mtaani walimwita Mama Msasa. Kisa cha kwanza ni kwamba kazi ya kupiga msasa na vanishi pale karakanani ilikuwa yake. Kisa cha pili ni ulimi wake.

"Picha moja, mama. Kompyuta lazima iipike kila picha, yaani ipige hesabu ya mwanga unaangukia wapi na kivuli kinalala wapi. Halafu picha zikipangwa moja baada ya nyingine, zikapita haraka, ndiyo video."

"Na video inataka picha ngapi?"

"Mia tisa na sitini."

Mama Msasa alitazama dari. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote wawili. "Siku kumi na tatu," alisema, "na saa nane za nyongeza. Na Jumamosi ni mtondo."

"Haiwezekani!" Seremala alikuwa ameingia na kikombe mkononi. "Mmeiwasha vizuri? Hiyo ni saba!"

Hapa ni lazima nieleze kidogo. Pembeni mwa kibodi kulikuwa na stika ndogo iliyochubuka, yenye namba saba. Namba hiyo ilikuwa ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu. Siku aliyoinunua, muuzaji alimwambia kuna tatu, kuna tano, na kuna saba, na saba ndiyo kiboko yao. Seremala alilibeba neno hilo miaka kumi na mmoja. Wageni walionyeshwa stika kabla hawajapewa hata maji.

"Baba, ni saba kweli, lakini ni saba ya zamani. Halafu ni ya laptopu," alisema Binti taratibu. "Baba mdogo ana mpya, ya mezani. Yake ni tisa. Nikiipeleka kazi hii kwake..."

"Tisa!" Seremala alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwanangu, tisa toa saba ni ngapi?"

"Mbili, baba, lakini..."

"Mbili! Mimi mlango ukipungua inchi mbili naongeza ubao, maisha yanaendelea. Niende kumpigia magoti mdogo wangu kwa sababu ya inchi mbili?"

Mama Msasa alimtazama mumewe. "Kwani kompyuta inapimwa kwa futi kamba?"

"Kila kitu kinapimwa, mke wangu. Namba ni namba."

Kosa lile lingeweza kumtoka fundi wa mbao tu. Yeye maisha yake yote saba ilikuwa saba, iwe ya ubao, iwe ya bati, iwe ya mlango wa mfalme. Lakini tusimwonee pia. Chini ya kicheko chake kulikuwa na donda. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa ukoo, mdogo wake aliishika ile laptopu mbele za watu akasema, "Kaka, hii iuze kwa dobi, inafaa kunyooshea nguo." Ukoo mzima ukacheka. Seremala naye alicheka, akarudi nyumbani akakosa hamu ya kula.

"Baba," alisema Binti, "siku kumi na tatu."

"Sawa. Tutaona." Akatoa simu mfukoni akampigia mdogo wake palepale, kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Wewe! Kesho saa nane mchana nakuja na saba yangu. Tupike picha moja, ile ile, tuone tisa yako inaongeza nini. Ikinishinda nitakubali. Isiponishinda, ukoo mzima utaambiwa!"

Upande wa pili kulikuwa na kicheko kirefu. Usiku huohuo Binti alimtumia baba yake mdogo faili la mchoro kwa simu, na akamwandikia chini yake: *Shikamoo baba mdogo. Naomba usibadilishe kitu.*

&nbsp;

Mdogo wake Seremala alijulikana kama Injinia. Uhandisi hakuusomea, ila alikuwa akichorea watu ramani za nyumba, na jina lilipomkuta hakulifukuza. Mkewe, Mama Mapazia, alikuwa mtu mwema ambaye tatizo lake ni moja tu: usafi. Alhamisi saa nane kasoro dakika tano alifungua mlango, akaona vumbi la mbao kwenye suruali ya shemeji yake, akakimbia ndani kutafuta gazeti.

"Karibu, shemeji, karibu sana. Kaa hapa." Akatandaza gazeti juu ya kochi. Kisha akalipapasa lisikunjane.

Seremala alikaa juu ya habari za michezo. Masikio yalimwaka moto. Mama Msasa aliliona hilo. Yeye akavuta kiti kisicho na gazeti, akakaa kwa nguvu.

Kompyuta ya Injinia ilikuwa kwenye kona, juu ya meza nyeupe. Loo, ilikuwa mtambo! Boksi jeusi la urefu wa mtoto wa miaka mitatu, ubavu wa kioo, feni sita zinazozunguka zikibadilisha rangi kama taa za harusini. Seremala aliikazia macho, kisha akaiweka laptopu yake kwenye meza ya kahawa juu ya vile vipande viwili vya mbao, kwa heshima zote.

"Kaka, bado hujachelewa kujitoa," alisema Injinia.

"Anza wewe kuomba msamaha."

"Halafu, mwanangu," Injinia alimgeukia Binti, "nimeufungua mchoro wako jana. Mbona makabati yako hayana migongo? Droo hazina ndani! Nimeona aibu. Nimekurekebishia."

Binti alishtuka. "Umeongeza nini, baba mdogo?"

"Kidogo tu. Migongo, ndani ya droo, na skrubu zote na mizunguko yake. Nimeweka na miti kumi na miwili ya mapambo. Kila mti una majani laki moja, nimeyapata mtandaoni. Na chemchemi ya maji pale mapokezi. Ni zahanati bwana, watu wapumue!"

"Hayo ni mashindano ya kitu kile kile kweli?" aliuliza Mama Msasa.

"Yangu ina nguvu ya kubeba, shemeji. Acha ibebe."

Seremala alipunga mkono. "Mwache. Mimi simwogopi mtu na miti yake."

Mama Msasa aliwasha saa ya simu, akahesabu mpaka tatu, na kaka wawili wenye mvi wakabonyeza kwa pamoja kama watoto wa shule.

Dakika ya kwanza, feni za Injinia zilinguruma, pazia lililokuwa karibu likapepea. Mama Mapazia akalishika. Dakika ya tano, kioo cha laptopu kilikuwa kimejaza robo ya picha, mraba mdogo baada ya mwingine, kijiraba kwa kijiraba. Kioo cha Injinia kilikuwa bado kinahesabu majani. Dakika ya tisa kiliganda. Injinia alitikisa kipanya, akabonyeza hiki na kile, na mara programu ikajifunga yenyewe na kuandika kwamba memori imejaa.

"Bahati mbaya," alisema Injinia. Akaanza upya. Dakika ya kumi na saba ikajifunga tena.

Dakika ya ishirini na sekunde nne, laptopu ililia *tiii* kasauti kadogo. Kaunta ya zahanati ilikuwa imesimama kwenye kioo, mwanga wa asubuhi umeilalia juu.

Wee! Seremala aliruka, gazeti likiwa limemgandia nyuma. Akazunguka sebule nzima akipiga makofi na kumwimbia mdogo wake maneno ambayo siyaandiki hapa. "Saba! Saba! Iko wapi tisa? Imekwenda kumwagilia miti?" Hata Mama Mapazia alicheka mpaka akakaa kwenye kochi, na hakukumbuka gazeti. Injinia alinywea, kichwa kimeinama juu ya kibodi.

Aliyekuwa hacheki ni Binti peke yake. Alikuwa amesimama katikati ya chumba akimtazama baba yake akicheza, na moyo ulimuuma kwa yale aliyokuwa karibu kuyafanya. Furaha ile hakuwa ameiona kwa baba yake kwa miezi. Angeweza kunyamaza, wakala chai, wakarudi nyumbani na ushindi wao. Na Jumatatu baba yake akavaa njano.

"Baba," alisema, "naomba niweke faili langu. Lile lenyewe."

"Weka, mama, weka! Wamalize kabisa."

Binti alichomeka flashi kwenye boksi jeusi, akafungua mchoro wake usio na miti wala chemchemi, akabonyeza. Feni zilinguruma. Vijiraba vilijaa kioo kizima kama mvua ya ghafla. Mama Msasa, ambaye saa ya simu ilikuwa bado inatembea mkononi mwake, alitazama simu yake, kisha akatazama tena.

"Sekunde hamsini," alisema.

Hakuna aliyecheka. Picha ilikuwa ile ile, kaunta ile ile, mwanga ule ule. Seremala aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alitafuta kasoro kwa jicho la fundi, pembe kwa pembe, na hakuiona.

"Rudia," alisema.

Binti akarudia. Sekunde hamsini.

"Lakini tisa toa saba..." Seremala akarudi kukaa kwenye kochi, juu ya gazeti lake.

Binti alichuchumaa mbele yake. "Baba, mbao ya daraja la kwanza ni ipi?"

"Inategemea ni mti gani. Kila mti una daraja la kwanza lake."

"Na daraja la kwanza la mti laini ukililinganisha na la mti mgumu?"

"Hivyo havilinganishwi, mwanangu. Daraja linakwambia ubao huu ni bora kati ya ndugu zake wa..." Mkono ukamwendea kidevuni.

"Ndiyo hivyo. Saba ni cheo chake kati ya ndugu zake wa laptopu, wa mwaka ule. Ndani yake kuna mafundi wawili tu, kwenye kichumba kisicho na dirisha. Wakifanya kazi sana wanapata joto, basi wanapunguza mwendo wasije wakakuunguza mapaja. Umeme wenyewe wanapimiwa, kwa sababu ya betri. Hii ya baba mdogo ni karakana. Ina mafundi kumi na sita, kila mmoja anafanya kazi ya watatu wa kwetu, wana feni sita na umeme wa kumwaga."

"Na mbona walishindwa?"

Swali hilo lilijibiwa na Injinia, akiwa bado amekaa kinyonge. "Walishindwa kwa sababu yangu, kaka. Niliwabebesha msitu." Alijikuna shingo. "Huyu mtoto hakuchora mgongo wa kabati kwa sababu mgongo unatazama ukuta. Nani atauona? Mimi tangu ninunue mtambo huu sijawahi kujiuliza swali hilo. Kila kitu naweka tu. Wiki iliyopita nimempotezea mteja siku mbili."

"Ningefanyaje?" alisema Binti. "Kwa ile yetu, nikiweka kitu kisichoonekana naongeza dakika tano. Nimezoea kutoa."

&nbsp;

Sasa jambo lilikuwa limebaki moja, na kila mtu mle ndani alilijua. Picha mia tisa na sitini, kwa mtambo ule, zilitaka saa kumi na tatu na ushee. Zikianza jioni hiyo, Ijumaa asubuhi ziko tayari. Lakini mtu aliyekuja kujipiga kifua ndiye aliyetakiwa kuomba. Binti alimtazama mama yake. Mama Msasa akatikisa kichwa kidogo, maana yake: si mimi, wala si wewe.

Seremala alisimama. Aliipapasa meza nyeupe iliyobeba mtambo. Ilikuwa ya lile duka la maboksi, na kwa uzito ule ilikuwa imebonyea katikati, mguu mmoja ukiyumba.

"Meza yako hii," alisema, "itakuangushia mali yako."

"Niliwaita waje, hawajaja," alisema Injinia.

Seremala akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Miguu yake ilibaki nje, na soksi moja ilikuwa na tundu kisiginoni. Walimsikia akigonga na kukwaruza. Akaomba kisu, akapewa. Akaomba kile kipande cha mbao kilichokuwa chini ya laptopu, akapewa nacho. Akakichonga, akakipachika kwenye pembe ya mguu, akakigonga kwa kiganja.

"Mdogo wangu," sauti ilitoka huko chini.

"Naam, kaka."

"Nasemaje..." Akakigonga tena kile kipande. Kisha akapiga moyo konde. "Niazime mashine yako. Usiku mmoja. Nikikosa kazi ya Daktari, Jumatatu nakwenda kuunganisha meza za namna hii, na mimi sitaki. Sitaki kabisa, ndugu yangu. Ile niliyokuwa nasema ya saba, nilikuwa sijui."

Injinia aliondoka kwenye kiti, naye akapiga magoti, akainamisha kichwa chini ya meza. Kule chini waliongea mawili matatu yasiyosikika vizuri. Mama Mapazia alifuta macho kwa ncha ya pazia, pazia lake mwenyewe, tena safi. Walipotoka wote wawili walikuwa na vumbi magotini, na Injinia alikuwa anasema, "Lile la dobi, kaka, sikupaswa kulisema mbele za watu. Nilijiona nimechekesha."

"Ulichekesha," alisema Seremala. "Ndiyo maana liliniuma."

"Saa kumi na tatu za umeme," Mama Mapazia alijikohoza, "si haba, lakini..."

"Meza ya kulia chakula ile," alidakia Mama Msasa, akinyoosha kidole, "nitakuja Jumanne niipige msasa na vanishi, uione sura yako juu yake. Tumemalizana?"

"Tumemalizana, dada. Njooni mnywe chai."

Seremala alikwenda kukaa kwenye kochi. Mama Mapazia alitangulia akaliondoa gazeti.

&nbsp;

Jumamosi saa nne kamili walikuwa kwenye korido ya zahanati, wanaukoo watatu na laptopu moja. Mshindani wao alikuwa ametoka ndani akitabasamu, na mlango ulipokuwa wazi waliiona video yake ukutani: ya kupendeza kweli, yenye samaki kwenye tangi. Seremala alijikaza kisabuni.

Daktari aliitazama video yao mara moja. Akaitazama tena. Kamera ilipita mlangoni, ikazunguka kaunta, ikapita mbele ya makabati ya dawa, ikakaa kwenye benchi kama mgonjwa anayesubiri. Sekunde arobaini.

"Ni nzuri," alisema, akasimamisha picha. "Lakini kaunta ni ya juu. Mgonjwa wangu akija kwa kiti cha magurudumu ataongea na ubao. Nataka kipande cha kushoto kishuke, kifike kifuani kwake. Yule mwenzenu nimemwambia hivyo hivyo, anasema video ilitengenezwa na watu fulani wa mbali, mpaka wiki ijayo. Mimi wiki ijayo nina wagonjwa."

Seremala alifungua mdomo, Binti akamtangulia. "Ngoja nikibadilishe sasa hivi, Daktari. Kishuke mpaka wapi?"

Daktari alionyesha kwa mkono. Seremala akatoa futi kamba, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye ule mkono, akataja namba. Binti akavuta kaunta chini kwenye kioo, akakata, akaunga pembe. Alikuwa amechora kile tu kinachohitajika, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kukwamisha. Dakika sita. Kisha akabonyeza kupika, na ile feni ikaanza kulia.

"Itachukua dakika ishirini," alisema, akainamisha macho.

Daktari aliinama akaikagua laptopu, ile stika iliyochubuka, kibodi yenye herufi zilizofutika, na kipande cha mbao chini yake. "Mbona muda wote huo? Kompyuta gani hii?"

Mama Msasa alifumba macho. Alimjua mumewe, na alijua neno gani lilikuwa linakuja.

"Imezeeka, Daktari," alisema Seremala, bila haya, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ile video tumeipikia kwa mdogo wangu, yeye ana mtambo. Hii yetu ni nzee. Lakini anayeitumia ndiyo kwanza ana miaka ishirini na minne, na ni binti yangu."

Daktari alimtazama, akamtazama Binti, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu akacheka. "Haya. Mimi naingia kuona wagonjwa wawili. Nikitoka niikute."

Wakakaa kwenye benchi la plastiki, laptopu mapajani kwa Binti, wazazi huku na huku. Vijiraba vilikuwa vinajaa kimoja kimoja. Mgonjwa mmoja mwenye bandeji kichwani alikuja kuchungulia, akauliza ni sinema gani, akaambiwa ni kaunta, akabaki kuitazama.

"Tukipata," alisema Seremala chini chini, "malipo ya kwanza yananunua kompyuta yako. Ya mezani. Utanichagulia wewe, mimi macho yangu yanaishia kwenye stika."

"Na mashine ya randa uliyoitaka, baba?"

"Randa ninayo mikononi."

Binti aliinama akijifanya anatazama kioo, na kioo chenyewe kilikuwa kimemwingia ukungu. Mama Msasa alimpa leso, kisha akamwambia mumewe, kwa upole usio wa kawaida yake, "Leo umesema vizuri."

Daktari alipotoka, picha ilikuwa imebakiza kijiraba kimoja pembeni. Alisimama nyuma yao na glavu mkononi, naye akasubiri, na yule wa bandeji akasubiri. Kijiraba kikajaa. Kipande cha kushoto kilikuwa kimeshuka vizuri, na mwanga wa dirishani ulikuwa umekifuata hadi chini.

"Jumatatu mnakuja saa ngapi?" aliuliza Daktari.

Seremala alisimama ili ajibu kwa heshima, na sauti ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Mwishowe alinyoosha vidole viwili, maana yake saa mbili, akashika njia ya uani akalie kidogo, huku wagonjwa wa koridoni wakimpisha wakidhani amepewa majibu mabaya.